Alikaza mara mia kwa siku, mkojo ukazidi kuvuja

Mama huyu alifika kwangu wiki ya 14 baada ya kujifungua mtoto wake wa pili. Mkononi alikuwa na daftari. Kwa wiki nane mfululizo alikuwa akiandika ni mara ngapi kwa siku amekaza misuli ya nyonga: 100, 100, 100, kisha 80 siku mtoto alipougua, kisha 120 kesho yake kulipa deni. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika pedi alizobadilisha. Namba za kwanza zilisimama palepale. Zile nyekundu zilikuwa zinapanda.

"Daktari, nimefanya kila nilichoambiwa," alisema hata kabla ya kukaa. "Labda mwili wangu ndio mbovu."

Ameniruhusu nikiandike kisa chake, na chochote cha kumtambulisha nimekiacha nje. Nakiandika kwa sababu ya daftari lile. Wanaokuja kwangu wakiwa hawajafanya mazoezi kabisa ni wengi, na kuwasaidia hao si kazi ngumu. Huyu alikuwa ameyafanya kwa uaminifu kuliko mgonjwa yeyote niliyemwona mwaka ule, na yalikuwa yanamuumiza.

Ana miaka 31. Mtoto wa kwanza alimzaa kwa njia ya kawaida bila shida ya kukumbuka. Wa pili alimsukuma kwa zaidi ya saa mbili, na msamba ukachanika daraja la pili, yaani ngozi pamoja na misuli ya msamba, bila kufika kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa. Akashonwa. Wiki ya sita alikaguliwa, akaambiwa mshono umepona vizuri, akapewa karatasi yenye mchoro na sentensi moja: kaza misuli ya nyonga mara nyingi uwezavyo.

Malalamiko yake aliyataja kwa mpangilio wa aibu, dogo kwanza. Mkojo ulimponyoka akikohoa, akipiga chafya, akimnyanyua mtoto. Tumbo lilitokeza kama kilima katikati kila alipoinuka kitandani. Choo kilikuwa kigumu. Jioni alihisi uzito chini, "kama kuna kitu kimekalia mlangoni." La mwisho alilisema akiwa anaangalia sakafu: tendo la ndoa lilikuwa linauma tangu mwanzo, na walishaacha kujaribu. Akaongeza kwamba anakwenda chooni mara 12 au 13 kwa siku, nyingi kati ya hizo za tahadhari, kabla ya kutoka nyumbani au kabla ya kumbeba mtoto. Kiunoni alikuwa amefunga mkanda wa tumbo, umekazwa mpaka shati limejikunja.

Kabla ya kugusa chochote niliuliza yale ambayo jibu la "ndiyo" lingemrudisha kwa daktari wake siku hiyohiyo: damu nyingi au usaha, homa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, ganzi katikati ya mapaja, kinyesi kutoka bila kujua, mkojo kukataa kutoka kabisa. Hakuna hata kimoja. Mkojo ulikuwa umepimwa wiki iliyotangulia na haukuwa na maambukizi.

Kwanza nieleze sakafu ya nyonga ni nini, maana kosa lote la kisa hiki limo humo. Ni tabaka la misuli lililotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, mfano wa machela. Limebeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho, na linapitisha njia tatu: ya mkojo, ya uke na ya haja kubwa. Kwa hiyo lina kazi mbili zinazopingana. Lazima lijue kufunga, na lazima lijue kufungua. Mtoto anapopita, misuli ya katikati kabisa huvutika kupita kiasi tunachokiona kwenye msuli mwingine wowote wa mwili; mfano wa kompyuta uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikadiria kwamba urefu wake unazidi mara tatu. Msuli uliopitia hayo, pamoja na mshono juu yake, una kila sababu ya kujikunyata. Mwili hulinda panapouma.

Tena msuli huo haufanyi kazi peke yake. Ukivuta pumzi, kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, na sakafu ya nyonga nayo hushuka kidogo kukipokea. Ukitoa pumzi, vyote viwili hupanda. Aliyeamka na kulala akiwa amebana tumbo na kuzuia pumzi ameiondolea misuli hiyo mwendo wake wa kawaida, maelfu ya mara kwa siku.

Kabla ya kipimo cha ndani nilimweleza nitakachofanya, nikamwambia ana haki ya kukataa, na kwamba akisema "basi" nitaacha hapohapo, hata katikati. Alikubali. Alilala chali magoti yakiwa yamekunjwa, nikatumia kidole kimoja chenye glovu na mafuta ya kulainisha.

Mshono wenyewe ulikuwa umefunga vizuri, kovu jembamba, lakini gumu kama uzi uliovutwa, na likiguswa alishtuka. Ndani, misuli ya upande wa kushoto ilikuwa imebana. Ya kulia ilikuwa imebana zaidi, na kulikuwa na sehemu moja ambayo nilipoibonyeza polepole alisema, "Hapo. Ndipo panapouma tukiwa na mume wangu."

Nikamwomba akaze kama anavyofanya nyumbani.

Alivuta pumzi, akaizuia. Makalio yakainuka kutoka kitandani, meno yakagongana, mapaja yakabanana. Na kidole changu hakikukumbatiwa wala hakikuvutwa ndani. Kilisukumwa nje. Alikuwa anasukuma kama aliyeko leba, akiamini anakaza. Nikamwambia alegeze, nikasubiri. Sikuhisi mabadiliko yoyote. "Umelegeza?" "Ndiyo, nimelegeza kabisa." Misuli ilikuwa palepale ilipokuwa kabla ya kuanza.

Jaribu kufumba ngumi, kisha bila kuifumbua uambiwe uifumbe tena. Nguvu unayo, nafasi ya kufumba huna. Kwenye kipimo cha nguvu cha 0 hadi 5 tunachotumia nilimpa 2, na sikuwa na hakika kama hiyo 2 ilikuwa ni udhaifu wa msuli au ni msuli uliokwisha kujifunga hadi mwisho. Mpaka aweze kulegeza, swali hilo halikuwa na jibu.

Mara mia kwa siku, basi, alikuwa anaongeza shinikizo la tumbo juu ya sakafu iliyobana, juu ya kovu linalouma. Mkanda nao ulikuwa unalibana tumbo kutoka juu, na shinikizo likibanwa juu hushuka chini. Zile safari 13 za chooni zilikuwa zinakifundisha kibofu kudai kabla hakijajaa. Pedi za wino mwekundu zikaeleweka.

Hili si jambo la mama mmoja mwenye bahati mbaya. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichukua wanawake 47, wakawaeleza kwa maneno tu namna ya kukaza, kisha wakawapima. Karibu nusu ndio walioweza kukaza inavyotakiwa. Robo yao walikuwa wanafanya kitu ambacho kingeweza kuzidisha kuvuja. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2019 unasema mhudumu athibitishe kwanza kwa kidole kwamba mgonjwa anaweza kukaza, ndipo aanzishiwe mazoezi yanayosimamiwa, kwa miezi 3 au zaidi, walau kukaza mara 8, mara 3 kwa siku. Hizo ni 24. Hakuna 100.

Nikumbushe pia mwanzo wa mazoezi haya. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani ambaye jina lake limeyashika mpaka leo, alipoyaandika mwaka 1948 hakuwapa wanawake karatasi na kuwarudisha nyumbani. Aliwapima kwa mkono, na alitengeneza chombo cha kuingiza ukeni chenye geji, ili mwanamke aone kwa macho yake kama sindano inapanda anapokaza. Kupima kulikuwa nusu ya tiba. Kadiri miaka ilivyopita geji ikaachwa, mkono ukaachwa, likabaki neno "kaza". Naona hasara kubwa katika hilo, na wanaoibeba hasara ni akina mama wanaojilaumu kimyakimya.

Nilipomwambia kwamba kwa wiki tatu zijazo hataruhusiwa kukaza hata mara moja, alinitazama kama niliyemwambia aache kunywa maji.

"Daktari, nisipokaza si ndiyo yatamwagika yote?"

Nilimjibu ukweli: huenda wiki ya kwanza isionyeshe nafuu, na nikamwomba aendelee kuandika pedi ili tuone wote wawili.

Kazi ya wiki hizo ilikuwa pumzi. Alilala ubavu, mto katikati ya magoti, mkono mmoja kwenye mbavu za chini. Avute pumzi polepole mpaka mbavu zifunguke kwa pembeni na mpaka ahisi msamba unafura kidogo kama puto linalojazwa kwa upole. Atoe pumzi bila kusaidia kwa chochote. Dakika tano, mara tatu kwa siku, akiwa ananyonyesha au mtoto amelala. Siku tatu za kwanza hakuhisi chochote chini. Siku ya nne alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Imefura kweli!"

Pamoja na hilo nilimfundisha kulikanda kovu lake mwenyewe, kwa kidole gumba na mafuta, kulivuta taratibu upande huu na upande ule, mwisho wake uwe pale kunapovuta, asifike kunapouma. Sehemu ile ya kulia niliibonyeza mimi ndani ya vipindi vyetu, sekunde 30 hadi 60, akiwa anapumua, mpaka anaposema imelegea. Chooni aweke miguu juu ya kigoda, magoti yapite nyonga, aegemee mbele, asizuie pumzi. Safari za tahadhari tukazipunguza moja moja. Kila hamu ikija asimame, apumue mara tano, ndipo aamue. Mkanda tuliufungua kwa hatua, saa chache kila siku, kwa sababu mgongo ulishauzoea. Kuhusu ukavu wa uke nilimweleza kwamba homoni ya estrojeni hushuka mama anaponyonyesha, na ukavu huo unaongeza maumivu bila kosa la mtu. Nikampa barua kwa daktari wake ili walizungumze.

Mume wake alikuja kipindi cha tatu. Alisikiliza kimya, halafu akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo maumivu hayakuwa kwamba hanitaki?" Mama alimgeukia. Nilitoka chumbani kwa dakika chache.

Mwisho wa wiki ya tatu, pedi zilikuwa zimetoka 4 kwa siku hadi 2, bila kukaza hata mara moja. Chooni mara 8. Kipimo cha ndani kilionyesha misuli inashuka anapovuta pumzi, na ya kulia ilikuwa bado nyuma kidogo ya kushoto. Nilimwomba akaze, nikabadilisha maneno: "Kama unazuia upepo usitoke, kisha uvute hilo mbele kuelekea kinenani, huku unatoa pumzi." Kidole kilikumbatiwa na kuvutwa juu. Alihisi tofauti kabla sijamwambia. "Ooh," alisema, "kumbe ni kitu kidogo hivi."

Ni kidogo kweli. Mtu wa pembeni hapaswi kuona chochote usoni wala makalioni. Tulianza na kukaza mara 5, sekunde 3 kila moja, kulegea sekunde 6, na mara moja haihesabiwi mpaka kulegea kumekamilika. Sikumruhusu kujipima kwa kukatisha mkojo katikati. Zoezi hilo linaenea sana, lakini likifanywa mazoea linavuruga utaratibu wa kibofu wa kujimwaga chote. Tulipofika sekunde 6 niliongeza mikazo ya haraka, ile inayohitajika chafya inapokuja bila taarifa. Kisha nikamfundisha kukaza kabla: nusu sekunde kabla ya kukohoa, kabla ya kumnyanyua mtoto, kaza halafu kohoa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha wanawake wakipunguza kuvuja wakati wa kikohozi baada ya wiki moja tu ya kujifunza mbinu hiyo. Haijengi misuli. Ni kuwahi tu, na kwa mwenye misuli inayotii matokeo yake huonekana mapema.

Hapa sasa ndipo nilipokosea.

Wiki ya sita ya tiba aliingia akiwa na furaha. Pedi moja, mara nyingi kavu. Alikuwa mkimbiaji kabla ya ujauzito, na akaomba turudi huko. Wiki zilikuwa zimefika 20 tangu kujifungua, na mwongozo wa kurudi kwenye mbio wa mwaka 2019 unataja wiki 12 kuwa mwanzo wa mapema kabisa. Nikaona kalenda inaturuhusu. Nikampa kuchuchumaa na uzito, hatua za kupanda ngazi, na kuruka papo hapo mara 20. Sikumuuliza analala saa ngapi. Mtoto alikuwa na homa wiki hiyo, alikuwa amebebwa usiku na mchana.

Siku ya pili yake uzito wa jioni ulirudi, mzito kuliko mwanzo. Maumivu ya upande wa kulia yalirudi. Aliponipigia sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya daftari.

Nilimpima tena, safari hii akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya kigoda, na saa za jioni. Hilo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Akiwa amelala ukuta wa mbele wa uke, ule unaobeba kibofu, ulikuwa umetulia. Akisimama na kukohoa ulishuka hadi takriban sentimeta 2 kabla ya mlango wa uke, hatua ya 1 katika hatua 4 za kushuka. Kushuka kwa kiwango hicho baada ya kuzaa kunaonekana kwa wengi, na kwa wengi hakuleti dalili wala hakuhitaji upasuaji. Ila kulieleza kile "kitu kilichokalia mlangoni" ambacho aliniambia dakika kumi za kwanza, nami nikakiandika chini ya misuli iliyobana nikafunga faili. Kwa mgonjwa huyu yalikuwa mambo mawili kwa pamoja, na jambo moja lilinificha la pili kwa sababu nilimpima amelala, asubuhi, kabla mwili haujachoka.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo. Tukarudi nyuma wiki mbili: pumzi, kulegeza, kukaza kwa upole akiwa amelala. Kila jioni alilala dakika 15, makalio juu ya mto, mume akimchukua mtoto. Alipoinuka tena tulipanda kwa ngazi fupi: kukaza akiwa amekaa, akiwa amesimama, akichuchumaa bila uzito, kisha na uzito wa mtoto wake mwenyewe, pumzi ikitoka wakati wa kunyanyua. Kipimo chetu cha kupanda ngazi hakikuwa tena kalenda. Kilikuwa jioni yake: kama uzito haukuongezeka kufikia saa za kulala, na kesho yake yuko vilevile, tunapanda. La sivyo tunabaki.

Kuhusu tumbo nitasema machache, maana ndilo watu huliuliza zaidi ingawa kwake lilikuwa tatizo dogo kuliko yote. Misuli miwili ya mbele ya tumbo huunganishwa katikati na utepe mgumu, na ujauzito huutanua. Utafiti wa Ureno wa mwaka 2015 uliwakuta wanawake wote waliopimwa wakiwa na mwachano huo wiki ya 35 ya ujauzito. Miezi 6 baada ya kuzaa walibaki nao asilimia 39. Kwake, siku ya kwanza vidole vyangu vitatu viliingia kitovuni na kuzama kama kwenye unga. Tulipomaliza viliingia viwili, lakini chini yake palikuwa pamekaza kama ngozi ya ngoma anapotoa pumzi, na kilima hakikutokea tena. Upana ulipungua kidogo, ukakamavu ulirudi. Mimi huangalia ukakamavu.

Wiki ya 16 ya tiba alikunywa maji, akasubiri kibofu kijae, akasimama mbele yangu akakohoa mara tano kwa nguvu zote. Hakuvuja. Kipimo cha nguvu kilikuwa 4 kushoto, 3 kulia, na kulegea kulikuwa kamili pande zote. Tendo la ndoa walikuwa wamelirudia, mwanzoni kwa tahadhari, sasa bila maumivu siku nyingi. Anatembea haraka dakika 40 na kukimbia dakika moja moja katikati. Ukuta wa mbele upo palepale hatua ya 1, na siku akiwa amesimama kutwa uzito bado unakuja, mwepesi, unaondoka akilala. Nimemweleza kuhusu pete ya kuwekwa ukeni ya kusaidia kubeba, kama siku moja ataihitaji kwa mbio. Kwa sasa hataki, nami sioni sababu ya kumsukuma.

Daftari bado analo. Safu ya kukaza ameifuta, badala yake ameandika "imelegea?" na chini yake alama za vema, na siku mbaya hapaweki kitu. Nimempangia arudi baada ya miezi 3, mara mbili siku hiyohiyo: saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni.